Mwaka Nsimire Alipoonja Sahani Yangu

Kwenye kilio cha Nsimire, aliyekuwa mke wangu, huko Mumosho, mdogo wake Murhula alinipokea kwa sahani. Hakunisalimu. Alipita katikati ya watu walioketi kwenye viti vya plastiki, akasimama mbele yangu, akamega bugali, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, iliyokuwa katika sahani yangu mimi, akatia mdomoni. Alitafuna polepole, akameza, kisha akafungua kinywa ili wote waone kwamba hakuna kilichobaki. Ndipo akaniwekea sahani magotini. "Kula, papa," alisema kwa sauti iliyofika hadi jikoni. "Nimekwisha kukuonjea. Nikianguka, utajua." Wawili watatu walicheka, kicheko cha watu wanaoijua hadithi. Wengine walitazama chini. Murhula amepita miaka sitini sasa, ndevu zake zimekuwa nyeupe, lakini chuki yake haijazeeka hata siku moja, na siwezi kumlaumu, maana mimi ndiye niliyeilisha. Nilikula. Nilipokuwa ninakula niliona jambo ambalo sikuliona wakati wa kuingia. Sufuria tatu kubwa zilikuwa zinatoa mvuke chini ya turubai, sahani zilikuwa zimepangwa, vijiko vimeoshwa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa anakula.

Asiye wa kwetu hataelewa, basi nieleze. Bukavu na vijiji vyake, mtu haogopi kisu kama anavyoogopa karuho. Ndiyo sumu ya polepole, ile inayosemwa kwamba hutiwa katika mboga au pombe na kummaliza mtu kidogo kidogo, akikonda huku madaktari wakitafuta ugonjwa. Kwa hiyo chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hunywa kwanza yeye ndipo akupe kikombe. Ni adabu tu, kama kuvua kofia. Lakini mwanamke akishasemwa kwamba anatia karuho, hakuna baraza litakalomsafisha. Nsimire alisemwa hivyo, na mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ishirini na miwili. Kwa sababu ya mwaka ule mmoja, watu wa Mumosho walikataa kikombe chake maisha yake yote, na hata kwenye kilio chake waliogopa sufuria zake.

Mwaka wenyewe ulianza katika nyumba moja ya Nyalukemba, mjini Bukavu, tulipokuwa tunapigilia dari. Nilikuwa seremala. Nakumbuka nilikuwa na misumari mdomoni, kisha nakumbuka dirisha la hospitali lenye pazia la kijani. Kati ya misumari na pazia kuna siku kumi na moja ambazo si zangu. Nsimire ndiye aliyeziishi, akilala sakafuni pembeni ya kitanda changu juu ya kikwembe kimoja. Nilikuwa nimeanguka, kisogo kikapiga ngazi ya saruji. Niliporudi nyumbani hapakuwa na cha kuonyesha isipokuwa mshono chini ya nywele. Mikono ilishika, miguu ilitembea, nilijua jina langu na jina la mke wangu, nilikumbuka hata hesabu za shule ya sekondari. Nikasema nimepona, na kila aliyenipa pole nilimjibu hivyo kwa hasira kidogo, kana kwamba ananitukana. Leo najua kwamba aliyevunjika mguu huutazama mguu wake akaona umevunjika. Mimi kilichokuwa kimevunjika ni kile ninachotumia kutazama.

Tulikaa Kadutu, kwenye mteremko, nyumba ya mbao ya vyumba viwili niliyoijenga mwenyewe. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao zilizoachana, na kutoka kwenye kiti changu niliweza kuona mkono wa Nsimire juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ukipepea moto, ukikoroga. Siku ya kwanza alinipikia sombe yenye mawese na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani kwetu, chakula nilichokuwa nikikisifu mbele za watu. Nikatia mdomoni. Ilikuwa chumvi na majimaji, kama kutafuna karatasi iliyolowa. "Umetia nini humu?" Akacheka, akidhani ninatania. "Natia nini? Mawese, kitunguu, pilipili. Juu ya nini?" Nikamwambia haina ladha. Akaonja, akasema iko vizuri, kwamba ni dawa za hospitali, zitatoka mwilini. Bugali nao? Bugali ulikuwa uleule. Bugali hauna harufu ya kupotea. Nikaweka jambo hilo akilini kama anavyoweka msumari mfukoni mtu asiyejua ataupigilia wapi. Bugali ni mzima, mboga imeharibika. Na sumu hutiwa wapi? Katika mboga. Baadaye nilikula kwa jirani, nikakuta mboga yake nayo ni karatasi. Mtu mwenye akili timamu angesema basi tatizo ni langu. Mimi nilisema: amekwisha kuniua ulimi, sasa hata chakula cha wengine sikitambui. Kichwa kilichoharibika hakikosi sababu hata siku moja. Kina sababu nyingi kuliko kizima.

Kazini nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Papa Chantal kwa jina la binti yake wa kwanza, alinipa mlango wa kawaida, kazi niliyoweza kuifanya nikiwa ninaimba. Nikapima, nikakata fremu, ikawa fupi. Nikapima tena, nikakata tena, fupi zaidi. Mara ya tatu wenzangu waliacha kazi wakasimama kutazama. "Birindwa," mmoja aliuliza, "ile mulango ni ya nani? Ya mbuzi?" Mwingine akajibu, "Hapana, ya kuku. Mbuzi atainama sana." Karakana nzima ikaangua kicheko. Nilishika nyundo. Nilisema mtu amebadilisha mita yangu, ameniwekea iliyokatwa mwanzoni, na nikamshika shingo yule wa kuku mpaka Papa Chantal akatutenganisha. Mita ilikuwa yangu, yenye alama yangu. Nilikuwa ninapima urefu, ninageuka kuchukua penseli, na katika kugeuka tu namba inatoka kichwani kama maji kwenye kikapu, nami naandika nyingine kwa uhakika kamili. Sikuhisi hata mara moja kwamba nimesahau. Hilo ndilo ambalo watu hawalielewi ninapowaeleza. Mwenye kusahau hujua kuna kitu kimekosekana. Mimi sikukosa kitu.

Nsimire aliona. Alileta chakula changu cha mchana karakana, na siku moja nilimsikia nyuma ya rundo la mbao akizungumza na Papa Chantal kwa sauti ya chini. "Papa, umupe kazi ya kupiga randa tu. Ya kupima usimupe." Papa Chantal akasema, "Lakini yeye mwenyewe anasema iko muzima." "Hajue," Nsimire alijibu. "Njo ile inaniogopesha. Hajue kama hajue. Ule mwenye alianguka, hakurudia. Huyu mwenye aliamuka, ningali ninamujifunza." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Ni maneno ya mwanamke aliyeniona vizuri kuliko daktari, na aliyekuwa amekubali kunisoma upya kuanzia herufi ya kwanza. Siku ile nilisikia jambo moja tu: *hakurudia*. Nikasema, anakiri. Anajua aliniua.

Alijaribu kunisaidia bila kunidhalilisha. Alichukua ubao laini, akaandika kwa penseli yangu nene ya kazi, akauning'iniza kando ya mlango: Zima moto. Funga mlango. Chukua mita. Chini yake, kwa herufi ndogo: Usigombane. Nadhani alitabasamu alipokuwa anaandika neno la mwisho. Nilirudi, nikauona, nikauweka juu ya meza, nikaupiga randa mpaka maandishi yote yakawa vumbi sakafuni, kisha nikaurudisha msumarini ukiwa mweupe. Nsimire aliuona. Alifagia.

Aliyenipa jina la ugonjwa wangu ni jirani, Maman Vumilia, mjane, mwanamke wa sauti tamu. Alinikuta nimekaa na sahani ambayo sijaigusa. "Ulimi umekufa, eh? Ya marehemu bwana yangu ilianzaka hivyo hivyo. Kwanza ulimi, kisha hasira, kisha kaburi." Akatazama upande wa jiko. "Wewe unakonda. Bibi yako, je?" Nikatazama mkono wa Nsimire kupitia mbao. Ulikuwa mkono mzima, mnene, wa mwanamke kijana. Maman Vumilia alinipeleka kwa mganga wake asubuhi ya siku iliyofuata. Nilinyweshwa kitu kichungu, nikatapika kwenye beseni, na mganga akakoroga kwa kijiti akainua kipande cheusi mfano wa ganda la ndizi. "Hii njo alikulisha." Sikuuliza kama kilitoka tumboni mwangu au kwenye kiganja chake. Nilitaka sana kiwe changu.

Kuanzia hapo Nsimire alianza kunionjea. Nilimwamuru, naye mwanzoni aliligeuza kuwa mzaha. Alikuwa mtu wa mizaha. Alisimama mbele yangu, akamega, akachovya, akameza, akafuta midomo. "Mwami njo banamuonjeaka," alisema, kana kwamba mimi ni mfalme. "Basi niko na mwami mu nyumba. Na miye niko nani, mukubwa wa jiko?" Sikucheka. Wiki ya pili niliigeuza sahani baada ya yeye kuonja, nikamwambia aonje na upande huu. Wiki ya tatu nilimbadilishia kabisa, nikampa yangu, nikachukua yake. Mwezi wa pili alikuwa anaonja bila kuambiwa, bila kunitazama, kila mlo, asubuhi chai, mchana maharagwe, jioni sombe, na mizaha ilikuwa imekwisha. Wakati mwingine machozi yalimtoka wakati anatafuna, nami nikayahesabu kama ushahidi. Miezi minne tulikaa hivyo katika vyumba viwili. Niliulizwa juzi na mjukuu wangu kama niliwahi kumpiga. Nilimwambia hapana, na ni kweli, na nikaona aibu jinsi nilivyojibu haraka.

Jumapili moja baada ya misa, watu wakiwa wamejaa uani kununua kasiksi yake, maana alikuwa na mkono mzuri wa kutengeneza pombe na watu walitoka mbali, nilipanda juu ya benchi nililolichonga mwenyewe nikasema. Nilisema huyu ananiua. Nilisema kuhusu ulimi, kuhusu mganga, kuhusu kile cheusi. Maman Vumilia alikuwa chini yangu akijaza kila palipobaki pengo. Vikombe vilianza kuwekwa chini kimoja kimoja. Mtu akapiga teke mtungi, ukabingirika mteremkoni, pombe ikamwagika hadi kwenye mfereji wa jirani. "Mulozi!" mtu alipaza sauti, na wengine wakaitikia. Nsimire hakukimbia. Aliingia jikoni, akatoka na sahani yangu ya mchana, maharagwe na bugali, akasimama katikati ya ua akaila yote, tonge kwa tonge, mbele yao, mpaka akafuta sahani kwa kidole. Kwa dakika moja nadhani watu wangeweza kwenda upande wowote. Kisha sauti ya mwanamke, sikumbuki ya nani, ikasema, "Mulozi hauwawi na sumu yake." Ikaisha. Aliweka sahani chini. Akanitazama mimi, si wao. "Kile kiko mu kichwa yako, si miye nilikiweka." Murhula alifika siku iliyofuata kumchukua. Tulikuwa tumecheza mpira pamoja. "Shemeki," aliniambia mlangoni, "siku utaamuka, usije kwetu." Walishuka mteremko, godoro kichwani mwa Murhula, na watu wakiwafuata wakigonga sufuria.

Yaliyobaki yalichukua muda mfupi. Wiki tatu baadaye nilikuwa ninapiga randa kwenye chumba cha mbele nikiwa nimebandika maharagwe. Maman Vumilia aliingia mbio amejifunika pua kwa kitenge. "Papa! Unataka kutuunguza? Harufu inafika mpaka barabarani, na wewe umeikala tu! Hausikie?" Niligeuka. Moshi mweusi ulikuwa unapita kwenye mbao za jikoni. Nilivuta pumzi. Nilivuta tena. Hapakuwa na kitu, hewa tu, kama hewa ya asubuhi. Tukatazamana, mimi na yule mwanamke, na niliona katika macho yake kwamba ameelewa wakati uleule niliokuwa ninaelewa. Aliondoa kitenge usoni. "Usiseme," aliniambia. Akatoka.

Nilikwenda hospitali kwa miguu. Muuguzi aliyekuwa ameniuguza alinifumbisha macho akaniwekea vitu puani, kimoja baada ya kingine, akiniuliza ni nini. Nilisema maji. Nilisema maji. Nilisema maji. Nilipofumbua, mezani kulikuwa na kahawa, mafuta ya taa na kitunguu kilichokatwa. "Pua yako ilikufa siku ulianguka," alisema. "Kuna kamba ndogo zinakatika. Ulimi iko muzima, lakini bila pua haujue mboga." Nikamuuliza, kwa ukali, kwa nini hawakuniambia. Akasogeza kitunguu pembeni. "Tulikuambia. Mara tatu. Bibi yako alikuwa pale. Ukasema tunajua nini sisi, ukacheka." Akaeleza kwamba na mengine pia waliniambia, hasira, kusahau kupima, kwamba yangetulia taratibu lakini nisijiamini upesi, nimwamini yule anayekaa nami. Hakuna hata neno moja nililolikumbuka. Nilikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake na kumkuta mgeni ndani, amevaa nguo zake.

Hadi hapo naweza kujitetea, na wengi hunitetea. Wanasema ni kichwa, ni ajali. Ninawaacha waseme, lakini utetezi huo una mwisho na mwisho wake ninaujua. Siku ya tatu baada ya muuguzi nilipata nafasi juu ya gari la mizigo, nikashuka Mumosho, nikafuata njia ya kwao. Nilikuwa nimejipanga maneno. Kwenye shamba la mihogo karibu na nyumba yao wanawake waliokuwa wanalima waliinuka wakanitambua. "Pole, papa," mmoja alisema. "Tulisikia vile alitaka kukumaliza. Mungu iko mukubwa." Waliegemea majembe yao, wakinitazama kwa huruma, mwanaume kijana aliyeponea chupuchupu. Nilikuwa na akili timamu. Nilijua ninachojua. Nikasema, "Asante." Kisha nikageuka, nikarudi barabarani nilikotoka. Hilo halikusemwa na jeraha. Jeraha lilisema uongo miezi michache bila kujua. Mimi nilisema neno moja nikijua, nikaliacha lifanye kazi miaka arobaini na moja. Nilioa tena, nikazaa. Mke wangu alininusia maziwa, nami nikatengeneza ubao mwingine na kuuandika mwenyewe: Zima moto. Funga mlango. Chukua mita. Nimekuwa seremala mzuri tena. Neno la nne, lile Usigombane, niliweza kuliandika baadaye sana.

Basi pale kwenye kilio nilimaliza sahani, nikaiweka chini, nikasimama. Mimi si msemaji na magoti yanauma. Niliwaambia kwamba hakukuwa na karuho. Nikawaambia kuhusu pua, maharagwe yaliyoungua, kitunguu mezani. Niliwaambia kuhusu shamba la mihogo na lile asante langu, na kwamba baadhi yao huenda walikuwa pale na majembe. Hakuna aliyelia. Murhula alisikiliza amekunja mikono. "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Aliyajua yote hayo, papa. Alituambia siku ya kwanza, pua, kichwa, vyote. Tulikosa tu mutu wa kumuamini. Hiyo maneno ingekuwa na kazi wakati alikuwa na masikio." Hakupaza sauti. Nyuma yake kikongwe mmoja aliyevaa kitenge cha kanisa alikuwa amegeuza shingo kunitazama. "Ngoja," alisema. "Basi tulimukatalia kikombe yake miaka yote hii, tukimupita mulangoni na kiu, juu ya pua ya mwanaume?" Alijiinua kwa fimbo, akaenda taratibu hadi kwenye turubai, akafunua sufuria, akajipakulia sombe mwenyewe. Mtu alinyoosha mkono kutaka kumwonjea. Akaupiga ule mkono kwa kijiko. Akala amesimama.

"Umesema," Murhula aliniambia. "Sasa enda. Sitakusindikiza." Kwetu mgeni huachwa bila kusindikizwa akiwa adui tu, na watu wote walinitazama nikipita peke yangu kati ya viti. Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha pili kikifunuliwa, kisha vijiko. Njiani, karibu na barabara kubwa, nilikutana na mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, amechelewa, anahema. Alinitazama, mzee aliyetoka upande wa kilio, akasita, kisha akauliza lile ambalo kila mtu aliyekwenda pale alikuwa amejiuliza.

"Papa, kule batu banakula?"

"Banakula, maman," nikamwambia. "Kimbia, itaisha."